Mlango Tulioufunga Wakati wa Kula

Cha kwanza kuondoka nyumbani kwetu kilikuwa mkate. Asubuhi moja watoto waliamka wakakuta mezani michembe iliyochemshwa na karanga, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani ambavyo mimi mwenyewe nilikuzwa navyo kijijini. Nilipopata cherehani yangu na kibanda changu sokoni Bariadi, niliapa kwamba wanangu watavila kwa kupenda, si kwa shida. Mkubwa akauliza kama mkate umeisha dukani. Nikamwambia ndiyo, umeisha. Baba yao alikuwa anafunga kamba za viatu, akaniangalia kwa chini. Ni mwalimu wa shule ya msingi na hapendi watoto wadanganywe, lakini asubuhi ile na yeye aliona heri mkate uwe umeisha dukani.

Deni lililotufanya tujibane hivyo hatukulikopa sisi. Baba yangu aliugua muda mrefu, akawa mtu wa kupelekwa Mwanza na kurudishwa, na kila safari ilikula kitu: mbuzi, kisha ng'ombe, kisha ng'ombe wa mwisho. Zizi lilipobaki na samadi tu, akaliweka shamba rehani kwa mfanyabiashara mmoja wa Maswa, mnunuzi wa pamba na mpunga. Masharti yalisemwa mbele ya watu, uani kwetu Migato. Mfanyabiashara atalilima shamba mpaka pesa yake irudi, na mvua za kwanza za msimu wa tatu zikinyesha kabla haijarudi, shamba linakuwa lake. Shahidi wa upande wetu alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Siku ile hakuna aliyetaka kutamka kwamba katikati ya shamba hilo ndipo ilipo nyumba ya mama yangu. Baba alipofariki, nyuma ya nyumba likaongezeka kaburi lake.

Mfanyabiashara hakumfukuza mama. Alimwambia akae tu, shida yake yeye ni ardhi ya kulima. Lakini mama alikaa msimu mmoja akashindwa. Aliniambia kwenye simu kwamba akiamka anakuta vijana asiowajua wanapalilia pamba mpaka ukingoni mwa kaburi. Wanamsalimia vizuri, habari za asubuhi mama, "Mwangaluka mayo," na yeye anaitikia, kisha anarudi ndani kwa sababu hana la kufanya na mikono yake. Kaka yangu wa pekee yuko machimboni, na simu yake hupatikana anapotaka kupatikana. Nikaenda kumchukua mama mimi. Alikuja na boksi moja la nguo, chungu chake cha mlenda na mwiko.

Mwanamke wa Kisukuma kwenda kuishi kwa mkwe wake si jambo dogo. Kwa desturi yetu mama mkwe na mkwe hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Sasa wape watu hao nyumba yenye sebule, vyumba viwili na jiko la nje, uone. Mume wangu alijifunza kukohoa kabla ya kutokea uani. Mama alijifunza kuujua mlio wa pikipiki yake tangu kwenye mashine ya kusaga, akajitanda kitenge na kuingia jikoni. Mwishowe jiko likawa lake kabisa, akipika humo, akila humo, akipumzika humo kwenye kigoda. Hawa wawili walipendana sana, na walipendana kwa kukwepana.

Baada ya mkate mambo mengine yalifuata yenyewe. Kisimbuzi kilikatika mwezi ulipoisha na hatukukilipia tena. Binti aliyekuwa akinisaidia kazi tulimrudisha kwao na nauli na gauni nililomshonea. Alilia, na mimi nikalia, kisha nikaenda kufua rundo la nguo aliloniachia. Samaki sato wa Lamadi, ambaye tulizoea kumnunua mwisho wa wiki, tukawa tunamsalimia tu akipita kwenye ndoo za wachuuzi. Nilikata nywele zangu zote ili nisidaiwe pesa na msusi. Mkaa nao nikauacha. Wakulima wa pembezoni mwa mji wakishavuna pamba hung'oa miti yake ili waichome, basi mimi nikawa naenda kuomba ile miti mikavu, naifunga mzigo, narudi nao kichwani kwa njia za nyuma ili wateja wangu wasinione. Miti ya pamba inawaka upesi na kuisha upesi, na moshi wake unauma. Mama alikaa na moshi huo mchana kutwa, macho yakawa mekundu, na hakuwahi kulalamika. Angelalamikaje, wakati yote hayo yalikuwa kwa ajili ya shamba lake?

Michango ndiyo iliyonitoa jasho. Mtu wa mbali hawezi kujua namna mshahara wa mwalimu unavyoweza kuliwa na harusi za watu wengine. Kila mwezi kulikuwa na kamati, na kila kamati ina grupu lake la simu, na kila grupu lina mtu wa kuweka orodha ya waliotoa na kuwatania wasiotoa. Nilijitoa kwenye magrupu yote jioni moja. Kesho yake sokoni nikaulizwa na mwenzangu wa kibanda cha jirani kama nimefiwa au nimeokoka. Nikasema simu imeharibika. Kwa miaka miwili simu yangu ilikuwa mbovu, na ajabu ni kwamba wenye kutaka sare za shule walinipata kila siku.

Lakini yote haya yalikuwa matundu madogo. Tundu kubwa lilikuwa mlangoni.

Nyumba yetu iko njiani kwenda mnadani. Siku ya mnada watu wa Migato na vijiji vya jirani huja mjini na ng'ombe, na wakishauza au wakishakosa kuuza, wanapita kusalimia. Wengine huja hospitali, wengine huja kwenye kesi za mipaka, wengine huja tu. Kwetu mgeni haulizwi kama amekula. Anapewa maji ya kunawa, na kama sahani zimeshatoka basi anasogea, anakula, anasema "wabeja," yaani asante, na ndipo anaanza kueleza kilichomleta. Mama yangu maisha yake yote alisonga ugali wa watu waliopo na wa watu watakaokuja. Sufuria yake haikuwahi kujua hesabu ya vichwa. Siku za mnada debe la unga lilikuwa likishuka mbele ya macho yangu, na usiku nilikuwa nikilala nikilifikiria debe badala ya kulala usingizi.

Mume wangu ndiye aliyelitamka, ingawa nilikuwa nalo kooni tangu siku nyingi. Alisema, "Mama watoto, tukila tuwe tunafunga mlango." Hivyo tu. Nilijifanya kushangaa kidogo, kwa heshima. Kisha nikanunua komeo.

Kwa asiye wa kwetu hili linaweza kuonekana si kitu. Mijini watu hufunga milango, tena na mageti juu yake. Lakini kwa Wasukuma anayekula amejifungia ana jambo. Ama ni mchoyo wa kupindukia, ama anakula kisichopaswa kuonekana. Mtoto akikutwa anakula mlango umefungwa anachapwa, hata kama anakula muwa. Mimi nilichapwa kwa sababu hiyo, na aliyenichapa ni huyu huyu mama aliyekuwa sasa jikoni kwangu.

Nilimweleza mwenyewe. Nilikaa mbele yake jikoni, nikamwambia ni kwa muda, mpaka shamba lirudi, na siku ya mnada tusipofanya hivyo hatutafika. Alisikiliza huku akichochea moto. Akauliza, "Na jiko nalo lifungwe?" Nikasema ndiyo mama, maana jiko linaonekana kutoka njiani. Akasema, "Haya." Alivyosema "haya" niliona bora angenitukana.

Tukaanza. Chakula kikiiva naingiza sahani ndani, naenda kulisukuma komeo, tunakaa. Watoto walidhani ni mchezo, wakawa wananong'ona, kisha wakazoea na wakawa wananong'ona bila mchezo. Mboga tulikuwa hatuioni vizuri kwa sababu mwanga ulitoka mlangoni. Mtu akibisha tunanyamaza, tonge mkononi, tunatazamana, mpaka hatua zigeuke ziondoke. Nilikuwa nasikia kutafuna kwangu mwenyewe. Sijawahi kuchoka katika maisha yangu kama nilivyochoka na ule ukimya, na nimewahi kushona sare usiku na mchana mpaka vidole vikavimba.

Mama alikuwa na namna yake. Nilipokwenda kuchukua vyombo jikoni nilikuta kila mara nusu ya ugali wake umefunikwa na sahani. Mwanzo nilidhani anaumwa. Kisha nikadhani anagoma, nikakasirika, nikamwambia tunajibana sisi sote na chakula hakitupwi. Akaniangalia kwa yale macho mekundu. "Sasa nikile chote," akasema, "halafu akija mtu?" Nikamwambia mlango umefungwa, hakuna mtu atakayekuja. Akasema anajua. Siku iliyofuata ugali ulifunikwa tena, na jioni akaula mwenyewe ukiwa kiporo.

Basi ikawa siku moja ya mnada, katikati ya kiangazi. Tumekaa, tumefunga. Hodi ikapigwa. Tukanyamaza kama kawaida yetu. Aliyebisha hakuondoka upesi kama wengine. Alibisha tena, akakohoa, akangoja. Mtoto wetu mdogo alidondosha kijiko kwenye sakafu ya saruji, kikalia kama kengele, na sote tukaganda. Nje napo kukawa kimya. Kisha nikasikia kitu kimewekwa chini, na hatua zikaondoka taratibu, hatua za mtu mzima asiye na haraka.

Tulimaliza kula. Nilipofungua nikakuta kizingitini kuku jike amefungwa miguu kwa kamba ya katani, na kando yake kiroba cha karanga. Ile kamba niliijua ilivyosokotwa. Huyo alikuwa baba mdogo, ametoka Migato na pikipiki ya kukodi, ameleta alichonacho kuchangia shamba la kaka yake, na amerudi na tumbo tupu baada ya kusikia kijiko kikianguka ndani.

Nilimkimbilia mpaka barabarani, ameshaondoka. Nikarudi jikoni na kuku mkononi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, nusu ya ugali imefunikwa kando yake.

"Alikuwa baba mdogo," nikamwambia.

"Nilimjua. Nilimjua kwa kikohozi."

"Sasa mama, mbona hukumfungulia?"

Alimchukua yule kuku, akaanza kumfungua miguu pole pole. "Nyumba si yangu, mayo," akasema.

Kuku hatukumchinja. Alibaki uani, akawa anataga, na mama alimchunga kuliko alivyojichunga mwenyewe.

Tulimpigia baba mdogo simu, haikupokelewa. Mume wangu alimtumia ujumbe mrefu wa heshima, haukujibiwa. Maneno yalitufikia kupitia mteja wangu mmoja anayetoka upande ule: kijijini inasemwa yule mama wa Migato siku hizi anakula amefungiwa ndani na binti yake, na macho yamekuwa mekundu. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu, huku kwetu, huweza kuitwa mchawi, na maneno ya aina hiyo si ya mzaha. Nilinunua mkaa siku hiyohiyo, debe moja, bila kumwuliza mtu, na nikamwambia mama miti ya pamba imekwisha mashambani.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Niliuza cherehani yangu ya pili, ile ya umeme, kwa fundi wa Maswa aliyeijaribu na kuijaribu tena kana kwamba ananunua ng'ombe. Mume wangu alianza kufundisha tuisheni jioni, akawa anarudi hana sauti. Tulikuwa tukilala kama magogo, hatuzungumzi, na tukizungumza ni kuhusu unga. Kuna wakati niliwachukia watu wote waliokuwa hai na wenye njaa, wangu na wa wengine. Kisha mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa, na siku moja mume wangu akahesabu pesa mara mbili, akanikabidhi, akasema, "Imetimia." Hatukushangilia. Aliegemeza kichwa ukutani akalala palepale alipokaa.

Tulidhani kazi imekwisha. Mfanyabiashara wa Maswa, nilipompigia, alisema vizuri tu kwamba atafurahi kupokea pesa yake, maana na yeye ana madeni yake. Lakini shamba lilikabidhiwa mbele ya shahidi, na litarudishwa mbele ya shahidi yuleyule. Hataki baadaye ukoo useme hili au lile. Matrekta yamepanda bei, ng'ombe wa kulimia ameshawaweka tayari, mvua ikinyesha shamba ni lake, kama tulivyokubaliana. "Njoo na mzee," akasema. "Siku yoyote kabla ya mvua."

Mume wangu akaenda Migato kumwomba baba mdogo. Alirudi jioni amejaa vumbi, akakohoa uani kwa mazoea, akaingia akakaa.

"Amesemaje?"

"Amesema ninyi mna mlango. Huo mlango ukawe shahidi."

Mama aliyasikia hayo kutoka jikoni, maana hakuna siri katika nyumba yetu. Asubuhi nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, ameshika mwiko wake na yule kuku ndani ya kapu. Akasema twende.

Tulifika kwa baba mdogo mchana, jua la utosi. Kaya yake imezungushiwa ua wa minyaa, na chakula kilikuwa kinatengwa mbele ya nyumba, ugali na maziwa ya mgando na mlenda, watoto na wajukuu wamekaa tayari. Mama hakuingia. Alitandika khanga chini penye mwanya wa minyaa, pale ambapo mgeni husimama kupiga hodi, akakaa, kapu kando yake. Nikakaa naye. Sikujua anataka nini, na nilikuwa nimechoka kuuliza.

Baba mdogo alituona. Alikaa kidogo, kisha akaja hatua chache.

"Mwadila, shemeji. Karibu ndani."

"Mwadila. Niko sawa hapa."

"Chakula kiko tayari."

"Kuleni tu. Mkimaliza tutaongea."

Alirudi akakaa mbele ya ugali. Hakunawa. Mke wake hakunawa. Watoto walimtazama babu yao, wakatutazama sisi, wakautazama ugali. Kwetu hakuna anayeweza kumega tonge wakati mtu amekaa mlangoni pake, labda awe na moyo wa jiwe au komeo. Mvuke ulitoka juu ya ule ugali mpaka ukaisha. Nzi walianza kuyatembelea maziwa, na mke wa baba mdogo akayafunika. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa njaa, akanyamazishwa. Mama alikuwa ametazama barabara, amekunja mikono, kama mtu anayesubiri basi.

Mwishowe baba mdogo alinyanyuka, akaubeba ugali mwenyewe, mwanamume mzima wa umri ule, akaja nao mpaka kwenye minyaa, akauweka chini mbele ya mama. Akakaa vumbini. Mke wake akafuata na maziwa, na watoto wote nyuma.

"Siku ile mlinisikia?" akauliza, bila kumtazama.

"Nilikusikia. Nilikujua kwa kikohozi."

"Na hukufungua."

"Sikufungua."

"Kwa nini, shemeji?"

"Shamba la kaka yako," mama akasema.

Baba mdogo aliusogeza ugali katikati yetu. Kisha akaomba maji, akanawa, akamega tonge la kwanza ugali ukiwa baridi kabisa. Tukala wote pale mlangoni, tukikunja miguu ili pikipiki zipite. Nilipokuwa nikinawa aliniambia, "Ninyi watu wa mjini mnachosha." Nikamjibu, "Ndiyo baba, hata sisi tumechoka." Akacheka kidogo, kwa pua tu, na nikajua atakuja.

Alikuja. Nyumbani kwa mama mfanyabiashara alihesabu pesa, akahesabu tena, akashikana mikono na baba mdogo, akamwambia mama samahani kwa usumbufu, na nadhani alimaanisha. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye gari bovu. Aliliwasha kwa kusukumwa na walewale vijana waliokuwa wakipalilia karibu na kaburi, akaondoka. Mama alimfungulia kuku uani. Yule kuku alizunguka nyumba mara moja, akaanza kuchakura kana kwamba amezaliwa hapo.

Tulifagia kinyesi cha popo na vumbi mpaka alasiri. Mvua ilianza kabla hatujamaliza, kubwa, ya kwanza, ile inayonukia udongo. Mume wangu alibaki kwa baba mdogo, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa nyumbani mwake mwenyewe sasa na heshima imerudi mahali pake. Mama alipika na mwiko wake mwenyewe, akasonga ugali mkubwa, wa watu waliopo na wa watu ambao hawapo. Alinipa sahani tatu nizipeleke ndani, ya kwangu, yake na ya baba mdogo aliyekuja kumwonyesha mipaka na akakamatwa na mvua. Nikaziweka mkekani. Kisha nikaenda mlangoni, nikausukuma, nikavuta komeo, nikarudi nikakaa na kunyoosha mkono kwenye maji ya kunawa.

Hakuna aliyenituma. Sikujua kwamba nimefanya hivyo mpaka nilipoona mboga haionekani, na mikono yao wote wawili imesimama hewani. Baba mdogo aliinamisha kichwa akijifanya anatafuta kitu mkekani. Nilisikia mvua juu ya bati, na pumzi yangu.

"Fungua, mayo," mama akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Tumeshalipa."

Nikainuka. Komeo lilikuwa na kutu, likanisumbua kulirudisha. Nikaufungua mlango wote, mpaka ukagusa ukuta. Nje kulikuwa na mvua tu, shamba likinywa, na njia tupu. Mama alikuwa ameshatenga sahani ya nne na kuifunika. Nilirudi kukaa, nikala nikiutazama ule mlango, na kila nilipomega tonge nilijikuta nasikiliza kama kuna mtu anakuja.